Wakata miwa hawafiki ibadani. Injili niwapelekeeje?

Mama Mwinjilisti
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi ni mwinjilisti wa mtaa mmoja, yaani tawi la usharika, huku Kidatu, Kilombero. Miwa inaanzia karibu kabisa na kanisa letu. Msimu wa kukata ukifunguliwa, vijana wanashuka kutoka Mbeya, Njombe, Iringa, kambi zinajaa. Ibadani nawaona wanne, wakizidi sana watano.

Mwaka jana tulifanya mkutano wa injili siku tano, uwanja wa jirani na kambi. Tulikodi spika na jenereta, kwaya ikatoka usharika mwingine, michango ya miezi minane ikaishia hapo. Waliokuja ni watoto na akina mama walewale wa kwetu. Siku ya tatu nilipita kambini mchana. Miwa huchomwa moto kabla ya kukatwa, kwa hiyo mkataji hurudi na masizi mpaka kwenye kope. Kijana mmoja alikuwa ameinamia beseni ananawa, maji yamekuwa kama wino. Nikamkaribisha mkutanoni. Akanijibu kwa adabu kabisa: "Mama, tunawasikia. Ila mimi naamka saa tisa usiku, na ninyi mnazima saa nne."

Sikuwa na la kusema. Usiku ule nilimwomba mzee wa kanisa tufunge saa mbili, naye akakubali, lakini neno la yule kijana halijanitoka hadi leo. Wengine wao ni rika la mwanangu wa mwisho. Wako mbali na mama zao, wanaumia, wanakunywa, wanarudi kwao msimu ukiisha, na mimi niliyetumwa hapa sijawaambia kitu. Msimu mwingine unakuja. Mliowahi kuhudumia watu wa namna hii, mlifanyaje?

Sauti ya Nyikani
Mama, usikate tamaa na mkutano. Warumi 10 inasema imani huja kwa kusikia, na mtu atasikiaje pasipo mhubiri? Wapo waliookoka wakiwa wamelala vitandani wanasikia spika kwa mbali. Mbegu haionekani ikiwa ardhini. Hilo la saa mlirekebishe, lakini jukwaa msiliache.

Mwanajumuiya, Ifakara
Tumsifu Yesu Kristo. Sisi Wakatoliki tuna jumuiya ndogo ndogo, maaskofu wa Afrika Mashariki walizisisitiza tangu miaka ya 1970. Kambini hamhitaji jukwaa wala benchi, watu sita wanatosha. Tunatumia hatua saba zilizotoka taasisi ya Kikatoliki ya Lumko, Afrika Kusini: mnasoma kifungu, kila mmoja anataja neno au sentensi iliyomgusa, bila kuhubiri, mnasoma tena, mnanyamaza kidogo, ndipo mnashirikishana. Asiyejua kusoma anashiriki sawa na mwalimu, maana anataja alichosikia. Nimemwona kibarua aliyekaa kimya wiki tatu, ya nne akataja neno moja tu, "njooni", akalia.

Mzee wa Same
Binti yangu, nilikuwa mtoto wakati wa redio ya Sauti ya Injili iliyorushwa kutoka Addis Ababa kwa masafa mafupi, kuanzia 1963 mpaka wanajeshi walipoichukua mwaka 1977. Vipindi vya Kiswahili vilirekodiwa Moshi. Baba aliweka redio dirishani, majirani wakakaa nje kwenye magogo. Lakini kilichomshika baba si redio yenyewe. Aliandika barua kuuliza swali, akajibiwa, na jibu lile alilitunza ndani ya Biblia yake mpaka tulipomzika. Chombo chochote utakachotumia, hakikisha mtu akiuliza anajibiwa.

Fundi Simu
Nakazia hapo kwa mzee. Sasa upande wa chombo: vijana wa kambini wengi wana vitochi, siyo simu za kupangusa, na bando ni gharama. Vitochi vingi vinasoma memori kadi. Biblia ya kusikiliza ya Kiswahili ipo bure kwenye Bible.is, unaipakua ukiwa na intaneti nzuri. Ukihamishia kwenye kadi, majina ya mafaili yaanze na namba, 01, 02, 03, maana vitochi vingi hupanga kwa majina, la sivyo sura ya kumi itacheza kabla ya ya pili na msikilizaji atachoka. Kabla ya kusambaza kadi nyingi, waulize kwanza Chama cha Biblia, Dodoma, kuhusu ruhusa. Usijaze kadi nzima. Acha nafasi ya nyimbo zake mwenyewe, akikuta umemfutia atakurudishia kadi yako.

Niliyewahi Kukata
Nimekata miwa misimu mitatu hukohuko. Mama, nikuambie ukweli kwa heshima. Jumapili ya mkata miwa ni ya kufua, kunoa panga na kwenda kwa wakala kutuma hela nyumbani. Kinachobaki ni usingizi.

Aliyenileta mimi kwa Yesu alikuwa mama muuza uji, alipika nje ya kambi saa kumi alfajiri. Alijua mke wangu ni mjamzito, kila siku aliniuliza "mgonjwa wangu hajambo?" Siku nilipopigiwa simu kwamba mtoto hakuishi, nilikwenda kunywa uji kama kawaida, sikusema kitu. Akaniangalia, akaweka upawa chini, akanishika mkono, akaomba. Wenzangu wamesimama kwenye foleni na vikombe mkononi, hakuna aliyenung'unika. Haikufika dakika moja. Baada ya hapo ndipo nikaanza kumuuliza maswali.

Mama Mwinjilisti
Nimewasoma wote, Mungu awabariki. Niliyewahi Kukata, pole sana baba kwa mtoto.

Kuna akina mama wawili wa mtaa wangu wanaouza uji na vitumbua pale kambini. Miaka yote nimewahesabu kama washarika wa viti vya nyuma, sikuwahi kuwauliza kitu kuhusu wale vijana. Jana jioni nilikaa nao. Mmoja akanifungulia daftari la madeni: majina thelathini na moja. Asiyemjua jina amemwandika kwa anakotoka. "Tukuyu mrefu." "Makete mwenye kidonda." Leo alfajiri sisi watatu tumewaombea kwa majina hayohayo, na mwenye kidonda tumekubaliana tumpeleke zahanati kesho, nauli nimeshaitoa.

Sauti ya Nyikani, jukwaa litakuwepo, siku moja, mwisho wa msimu, saa kumi jioni.

Fundi, nina kadi kumi. Nianze na Luka au Marko? Na kuna Kinyakyusa cha kusikiliza?

Fundi Simu
Marko, mama. Sura 16 tu, fupi fupi, atamaliza kwa wiki akiwa njiani kwenda shamba. Kinyakyusa nakutafutia leo usiku, nikikipata nakuandikia hapahapa.