Nimekuja Guangzhou kusoma isimu ya Asia Mashariki, nakatishwa makaratasi ya maua

Wakuu, leo natapika nyongo. Mwenye haraka apite.

Mimi mtoto wa Bukoba, shahada ya kwanza nilisoma isimu, sayansi ya lugha. Wakala mmoja Kariakoo alinionyesha barua ya chuo, Kichina kitupu, akaweka kidole kwenye mstari: "Hapa wameandika isimu ya Asia Mashariki, Kichina, Kijapani, Kikorea, vyote ndani." Nikamlipa. Ningembishia na nini? Wakati huo hata "moja" ya Kichina nilikuwa siijui, na ile ni mstari tu umelala.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa lugha tupu. Mwezi wa saba hivi nikaitoa ile barua begini nikaisoma mwenyewe. Hanyu guoji jiaoyu. Yaani kufundisha Kichina kwa wageni! Japani haimo, Korea haimo, isimu yenyewe haimo. Nilicheka peke yangu bwenini kama mwehu. Namba ya wakala haipatikani mpaka leo.

Nikasema basi, pengine ndani yake nitaokota chochote. Wapi! Ni kukariri maelfu ya maneno ya HSK, mtihani wa Kichina kwa wageni, ngazi ya tano, kuandika kwa brashi, kukata makaratasi mekundu yawe maua, na sikukuu ikifika tunasukumwa mbele ya kamera tumeshika maandazi yao. Mwalimu wa matamshi, mtu akikosea toni, yaani kupandisha na kushusha sauti kunakobadili maana ya neno, ana jibu moja: "Waafrika lugha zenu hazina toni." Mama, mimi nimelelewa na Kihaya! Lugha za Kibantu nyingi tu zina toni, Kiswahili ndicho kilichozitupa. Nilimwambia hivyo. Akatabasamu, akasema tufungue ukurasa wa arobaini.

Kinachoniuma hasa ni hiki. Nyuma ya bweni kuna mama anauza machungwa. Siku moja nikamuuliza bei akanijibu kwa Kikantoni, lugha ya wenyeji wa huku: "Luk man." Yuan sita. Kwenye Kichina sanifu sita ni liu, kwake ni luk, na ile k anaifungia kooni kabisa. Nikasimama na machungwa mkononi. Mkorea anasema yuk. Mjapani anasema roku. Nikapanga na kumi: sanifu shi, Kikantoni sap, Kikorea sip. Nane: ba, baat, pal, na Kijapani hachi. Kumbe Kichina cha kale, ambako Mkorea na Mjapani waliazima namba hizi, kilikuwa na p, t, k mwishoni mwa silabi. Mkantoni amezishika, sanifu imezimwaga zote, Mkorea t akaifanya l, na Mjapani akabandika irabu nyuma, vilevile sisi tulivyopokea kitab ya Mwarabu ikawa kitabu. Wakuu, hiyo ndiyo isimu niliyoifuata! Imekaa kwenye toroli la machungwa!

Nikaipeleka darasani kesho yake, nimeichora jedwali zuri. Mwalimu akaliangalia kidogo: "Hii haitoki kwenye mtihani. Na lugha ya sokoni usiizoee, itakuharibia matamshi."

Ghorofa ya tatu, jengo hilohilo, wanafunzi wenyeji wanasomeshwa mambo haya. Siku moja nilichungulia mlangoni, ubaoni kuna Qieyun, kamusi ya vina ya mwaka 601, wanaichambua silabi kwa silabi. Nikaenda ofisini kuomba kuhamia. Dada wa dirishani hakuinua hata macho: liuxuesheng, yaani mwanafunzi wa kigeni, anabaki programu aliyopewa. Nikaomba basi nikae nyuma nisikilize tu, bila cheti. Akaniambia niandike barua. Nimeandika tatu.

Najua mtakuja na "unasomeshwa bure unalalamika nini". Bure gani? Wakala nilimlipa kwa pesa ya shamba la vanila la mzee, na miaka yangu miwili nani ananirudishia? Mwenye kutaka kunisimanga aanzishe uzi wake.

Ninaowatafuta ni waliowahi kuhama programu huku bila kupokonywa ufadhili. Ulianzia ofisi gani, na barua ilisainiwa na nani? Na kama kuna mdogo wangu anasubiri barua yake saa hizi, asimpe wakala hata shilingi kabla hajampelekea mtu anayesoma Kichina amsomee, hata humu tupo.

Mimi kesho saa mbili asubuhi nina makaratasi. Tumeambiwa kila mtu aje na mkasi wake.