Manesi mnaowafuata wagonjwa nyumbani hapa Dar, tupeane uzoefu

Sista wa Tandika (mleta uzi)

Habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni muuguzi niliyesajiliwa. Nimekaa wodini miaka 9, na huu ni mwaka wa 6 nawafuata wagonjwa majumbani kwao. Mizunguko yangu ni Tandika, Mbagala, Yombo, siku nyingine nakatiza hadi Gongo la Mboto. Kila nikikutana na mwenzangu wa kazi hii kwenye daladala tunasimuliana mpaka tunapitiliza vituo, halafu yote yanaishia palepale kwenye siti. Tuyaweke hapa, wanaokuja nyuma yetu wayakute.

Naanza na langu.

Mzee mmoja wa Mbagala, dereva mstaafu wa malori, alipatwa na kiharusi kikampooza upande wa kulia. Alilazwa wiki tatu, akaruhusiwa. Mimi niliitwa siku ya kumi tangu arudi nyumbani. Nilipokewa vizuri mno. Watoto wake watatu wakubwa wamekaa sebuleni wananisubiri, soda iko mezani, mmoja ameshika daftari anaandika kila ninachosema. Tukaingia chumbani, tukamgeuza mzee. Chini ya kiuno, pale mfupa unapokandamiza godoro, palikuwa na kidonda ambacho ngumi ya mtoto ingeingia.

Nikasafisha, nikafunga, nikakaa na wale watoto karibu saa nzima. Nikawaeleza kwamba mtu asiyeweza kujigeuza damu haifiki pale mfupa unapoelemea, nyama inaanza kufa kwa ndani kabla ngozi haijaonyesha. Ageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana. Wakaitikia, wakaandika.

Siku nne baadaye narudi, kidonda kimeongezeka. Nikafundisha upya. Mara ya tatu kimeanza kunuka. Nilitoka pale moyo umenichafuka, nimeshawahukumu wale watoto kuwa ni wazembe. Kufika mlangoni, binti wa kazi amebeba ndoo ya mashuka, akaniambia kwa sauti ya chini: "Sista, samahani. Mimi ndiye ninayelala naye. Wao wanatoka alfajiri wanarudi usiku. Nikimgeuza analia, naogopa nitamvunja."

Yule binti alikuwa ananifungulia geti kila siku. Mara tatu nimepita mbele yake na sikuwahi hata kumuuliza jina.

Nikarudi ndani nikamwita, tukapiga magoti kitandani wote wawili. Nikamwonyesha namna ya kulikunja shuka chini ya kiuno na mabega liwe kama mkanda, ili uvute shuka na siyo mwili. Mkono uliopooza hauvutwi hata kidogo, bega lake halina nguvu ya kujishikilia. Goti unalikunja kwanza, mwili unafuata wenyewe. Mto mmoja nyuma ya mgongo, mwingine katikati ya magoti, visigino visiguse godoro. Mara ya kwanza alifanya huku anatetemeka. Mara ya tatu mzee hakulia.

Ikabaki habari ya saa. Binti hakujua kusoma, na simu yake ilikuwa inazima ovyo. Tukapanga kwa anavyovisikia. Msikiti uko nyuma ya ile nyumba, kwa hiyo adhana zikawa za kwetu, katikati yake tukaweka taarifa za habari za redioni na ile saa ambayo watoto wa jirani wanatoka shule. Nikachukua kipande cha mkaa nikachora mishale ukutani, huku unatazama dirisha, huku unatazama mlango. Zamu ya usiku wa manane nikaikabidhi kwa kijana wa pili, akakubali mbele ya mama yake.

Kile kidonda kilichukua miezi mitano kujaa nyama. Hapakuwa na dawa ya ajabu. Gozi, maji yaliyochemshwa yakapoa yenye chumvi kijiko cha chai kwa nusu lita, mayai na dagaa wa kusaga kwenye uji wake, na mikono ya yule binti. Tangu siku ile, nyumba yoyote ninayoingia, kabla sijafungua mkoba nauliza kwanza: nani analala na mgonjwa? Huyo ndiye namwita akae karibu yangu, awe mtoto wa nyumba au wa kuajiriwa.

Karibuni.

Kaka Nesi

Shikamoo sista. Mimi ni mwanamume, na katika kazi hii hilo peke yake ni somo zima.

Nilipangiwa bibi mmoja wa Kariakoo, nyumba ya zamani ya familia, vyumba vinatazamana na ukumbi katikati. Bibi ana mpira wa mkojo. Kaniona mlangoni akauliza, "Huyu ndiye nesi?" Akavuta kanga mpaka kidevuni akageukia ukutani. Binti yake akaanza kumgombeza kwamba dokta amekuja kukusaidia. Nikamwambia mwache, bibi ana haki yake.

Tukakubaliana hivi: mimi nikae ukumbini, pazia lishushwe, binti afanye na mimi nielekeze kwa mdomo. Ukiacha kutegemea macho, masikio yanafunguka. Nikasikia maji yanamiminwa kwenye beseni kabla sijasikia anavaa glovu, nikamsimamisha. Nikasikia anauinua mfuko wa mkojo kuuweka kitandani apate nafasi ya kuosha, nikamwambia shusha, mfuko usipande juu ya kiuno cha mgonjwa, mkojo utarudi kibofuni na uchafu wake. Osha mpira kuanzia mwilini kwenda nje, usirudi nyuma. Siku ya kubadilisha mpira wenyewe nilimwomba muuguzi mwenzangu wa kike aje, maana ile si kazi ya kuachiwa ndugu.

Bibi hajawahi kuniruhusu kuvuka lile pazia, na sijawahi kuomba. Ila wiki ya tatu nikiwa ukumbini alipiga kelele kutoka kitandani, "Huyo kijana amekula?"

Mama Wawili

Kaka Nesi, dini yako itakulipa. Mimi sina la kusimulia, nasoma tu. Mume wangu ni mgonjwa wa kitandani na hilo la shuka kuwa mkanda nimelijaribu mchana huu. Amegeuka bila kuniumiza mgongo. Sista ahsante sana.

Nesi wa Chanika

Langu ni la insulini, ile sindano ya sukari.

Kijana wa miaka 14, sukari ya utotoni, anachoma sindano asubuhi na jioni. Mama yake anauza vitumbua. Kila nikipima sukari nakuta 22, 24, iko juu mno, siku moja kipimo kikagoma kabisa kusoma. Majirani wanasema mama anamlisha mtoto mabaki ya vitumbua. Nasema kwa uchungu kwamba na mimi nilianza kuamini. Nikamhoji yule mama kama polisi, akalia, akaapa kwa Mungu wake.

Siku hiyo nikamwambia, naomba unionyeshe dawa unaiweka wapi. Nilidhani atafungua kabati. Akanishika mkono tukavuka barabara hadi dukani. Kumbe kwake hakuna friji, mwenye duka kwa wema wake amempa nafasi. Akafungua friza, akachomoa mfuko katikati ya barafu za ubuyu. Chupa ya insulini imeganda, imekuwa jiwe.

Insulini ikishaganda imekwisha. Ukiiyeyusha inaonekana ni dawa, lakini mtoto anachomwa maji. Yule mama alikuwa anailinda dawa ya mwanawe kwa bidii yote, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba baridi nayo ina kikomo chake, inatakiwa kati ya nyuzi 2 na 8, zaidi ya hapo chini inaharibika.

Tukarudi kwenye mtungi. Chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga, mchanga unalowanishwa asubuhi na jioni, juu kitambaa kibichi, kinawekwa kivulini panapopita upepo. Chupa inakaa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa isiingie maji. Mtungi haufikii friji, lakini chupa iliyokwisha kufunguliwa inavumilia karibu mwezi nje ya friji kama joto halizidi nyuzi 30, na ninyi mnajua chumba cha bati Dar kikoje mwezi wa pili. Chupa zisizofunguliwa zikabaki kliniki, anachukua moja moja.

Wiki mbili mbele nikapima 9. Nilimwomba yule mama radhi mbele ya majirani walewale.

Mpangaji

Mimi si nesi, ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, naongozana na manesi Manzese na Tandale. La kwangu ni fupi. Nyumba za kupanga hizi, vyumba nane uani mmoja, sare yako nyeupe ni tangazo. Ukitoka tu wanamuuliza mgonjwa, "Vipi, wale wa nini wale?" Tulikuwa na dada mmoja anayeishi na VVU, alitukataa si kwa sababu hataki dawa, bali kwa sababu ya lile begi letu. Sista niliyekuwa naye akaanza kuja na kitenge na kikapu cha sokoni, juu mchicha, chini dawa. Wakikaa wanachambua mchicha pamoja mlangoni huku wanaongea yao. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya mgonjwa, lakini uani kwetu siri inalindwa na kikapu.

Nimehitimu Juzi

Wakubwa zangu shikamooni. Nina leseni tayari, bado natafuta ajira. Mtaani Tabata wameshajua mimi ni nesi, kila siku nagongewa mlango. "Njoo unichome sindano ya malaria," "nitundikie dripu mwili umechoka." Wengine wamenunua wenyewe duka la dawa, wananipa na hela. Hali yangu ni ngumu na naona aibu kukataa watu wazima. Nifanyeje?

Sista wa Tandika (mleta uzi)

Mdogo wangu, marahaba, na pole. Swali lako wengi tumelipitia na wachache wanalisema.

Usichome. Jiulize hivi: dawa ikiingia mwilini mwili ukaikataa, mtu akavimba koo mbele yako sebuleni, una nini mkononi? Wodini kuna adrenalini, kuna oksijeni, kuna wa kumwita. Pale una bomba la sindano na watu wanapiga mayowe. Hiyo leseni unaifanyia kazi chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010, na Baraza la Uuguzi na Ukunga halitakuuliza kama mgonjwa alikubembeleza. Litakuuliza nani aliandika dawa, na kipimo cha malaria kilisomaje.

Lakini usiwafungie mlango. Mimi mtaani kwangu nawakaribisha, nawapima presha, namtazama mtoto kama anapumua kwa shida, nawaambia hili ni la zahanati asubuhi na hili ni la hospitali, Amana au Temeke, usiku huuhuu, na likiwa la usiku nampigia mtu wa bajaji mwenyewe. Mwanzo walininunia. Sasa wananiamini kuliko yule anayechoma.

Hata ukipata ajira ya kutembelea nyumba, usiingie nyumba ya mgonjwa bila karatasi ya daktari inayosema dawa gani, kiasi gani, hadi lini. Sindano zilizotumika ziingie kwenye chupa ngumu yenye kifuniko na uondoke nazo, zisiachwe kwenye jalala watoto wanapocheza. Na ukiwa peke yako, tuma ujumbe kwa msimamizi ukiingia, tuma ukitoka. Nyumba ambayo moyo wako umekataa, rudi na mwenzako.

Nimehitimu Juzi

Nimeelewa dada. Jioni hii amekuja mama mmoja na dripu yake, nimempima presha, iko juu sana. Tumetoka naye mpaka kituo cha afya, nimerudi sasa hivi.

Wa Ng'ambo ya Pantoni

Naandika kama mtoto wa mgonjwa. Tunaishi Kigamboni. Mama alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi, ilikuja kujulikana imeshaenda mbali. Alipigwa mionzi hospitali ya saratani ya Ocean Road, baadaye ikabaki kutuliza maumivu nyumbani. Alipewa morfini ya maji. Sisi tukaificha juu ya kabati. Mjomba alikuwa amesema ukiona mtu amepewa hiyo ndiyo anaagwa, na shangazi akasema atakuwa teja. Mama alikuwa anauma mto usiku ili tusisikie.

Nesi alivuka na pantoni akaja, akakaa chini kwenye mkeka, akamuuliza mama, siyo sisi: "Mama, usiku unalala saa ngapi?" Mama akasema, "Mwanangu, silali." Akaomba chupa ikashushwa. Akatufundisha kupima kwa bomba lisilo na sindano, kila baada ya saa 4, na dozi ya kulalia inakuwa mara mbili ya ile ya mchana ili asiamke katikati. Akatuambia itamfunga choo, akatupa na dawa ya hilo siku ileile. Kisha akaponda vidonge vya flajili vikawa unga laini, akatuelekeza namna ya kuutumia pale panapotoka uchafu. Baada ya siku chache mlango wa chumba cha mama, ambao tulikuwa tunaufunga kwa sababu ya harufu, ukaachwa wazi, wajukuu wakawa wanaingia na kutoka. Aliishi wiki kumi na moja zaidi. Alikuwa anaongea, anacheka, alisuka ukili mpaka mwezi wa mwisho.

Siku ya msiba yule nesi alikuja tena. Amejifunga kanga, akakaa na wanawake akamenya vitunguu. Watu walipopungua akaniita pembeni akaomba ile chupa. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akapima dawa iliyobaki, akaandika kwenye daftari lake, mimi nikatia saini, akaifunga kwenye mfuko airudishe hospitali. Halafu akarudi jikoni, vitunguu vilikuwa havijaisha.