Tupeane uzoefu: tairi limevimba ubavuni, unabadilisha moja au mawili?

Mkaazi wa Donholm
Wakuu, hamjambo. Mvua hizi zimefunika mashimo ya barabara ya Outering hapa Nairobi, na gari langu, Toyota Premio, limeingia moja. Tairi la mbele kushoto limetoa uvimbe ubavuni kama yai, ila upepo haupotei hata kidogo. Jirani anasema nitembee nalo hadi mwisho wa mwezi. Fundi wa pancha hapa kona anataka kutia tyubu. Duka la kwanza nililoingia wakaanza kunipigia hesabu ya matairi manne. Aliyewahi kufikwa na jambo kama hili atuambie aliamuaje na kwa nini. Na "nunua tu mapya boss" halisaidii mtu.

Fundi wa Ngara
Kaka, toa hilo tairi leo, weka spea. Uvimbe maana yake nyuzi za ndani zimekatika, na upepo sasa unasukuma mpira mtupu. Tyubu haiungi nyuzi. Itashika upepo vizuri kabisa mpaka siku ubavu utakapopasuka na tyubu yenyewe ndani.

Mimi huziba tundu la msumari likiwa pale tairi linapokanyaga lami, na lisizidi milimita 6. Likisogea begani au ubavuni nakataa, mteja akitaka akasirike. Na sizibi bila kulitoa kwenye rimu. Kuna jamaa alinijia kutoka Thika Road, ametembea na tairi tupu kutoka Roysambu kwa sababu aliogopa kusimama usiku. Kwa nje safi, msumari mdogo tu. Nilipolifungua, ndani kulikuwa na vumbi jeusi la mpira, na mkwaruzo umezunguka ubavu mzima. Akabishana: "Lakini tundu ni dogo, fundi." Ni kweli tundu lilikuwa dogo. Kilichoua tairi ni kule kusagwa katikati ya rimu na lami. Nikammulikia tochi, akachota lile vumbi kwa kidole, akauliza bei ya jipya.

Anayekuchomekea ile kamba ya mpira ya kuzibia tundu kwa nje hawezi kuona hayo. Kamba ikufikishe nyumbani, kisha tairi litolewe, lichunguzwe na kuzibwa kwa ndani.

Dereva wa Usiku
Mimi ni wa teksi, matairi nayala haraka. Nikipoteza moja naangalia mwenzake wa ekseli ileile. Kama bado lina meno ya kutosha nanunua moja, nikipata aina ileile. Kama limekaribia vile vijinundu vilivyo ndani ya mifereji (vikiwa sawa na uso wa tairi, umebaki na milimita 1.6, halifai tena), nanunua mawili. Mapya naweka mbele. Ndiko kuna injini, breki kubwa na usukani.

Mzee wa Buruburu
Hapo tunakosana, kijana wangu. Mapya yaende nyuma. Mbele ikiteleza majini utasikia usukani umekuwa mwepesi, utaachia mafuta polepole na gari litarudi mkononi. Nyuma ikiteleza kwenye kona hupati nafasi ya kufikiri. Nimeona Vitz Southern Bypass, mvua ya jioni, imegeuka mzima ikatazama ilikotoka. Mbele mapya, nyuma kipara.

Dereva wa Usiku
Mzee, hata gari la kuvuta mbele?

Mzee wa Buruburu
Hata hilo. Kampuni za matairi zenyewe ndivyo zinavyoshauri, bila kujali gari linavutwa wapi. Yale ya nyuma yaliyochakaa kiasi yahamishe mbele, yatamalizikia huko.

Wa Foresta
Wenye magari ya kuvuta magurudumu yote, haya ya moja au mawili msiyafuate kichwa kichwa. Subaru, watengenezaji wa Foresta yangu, wanataka mzingo wa matairi manne usitofautiane zaidi ya robo inchi, milimita 6 na kitu. Piga hesabu: tofauti ya milimita moja tu ya meno inakula nafasi yote hiyo. Jipya lina meno ya milimita 8 hivi. Matatu yako yakiwa yamebaki na 4, lile jipya linazunguka polepole kuliko wenzake safari nzima, na gia za katikati ndizo zinazoumia. Nilipokatwa ubavu pale Waiyaki Way, yangu yalikuwa yameisha nusu. Nilinunua manne, na roho iliniuma. Kwa hiyo Mkaazi, huenda yule wa duka alikuwa na kasumba ya Subaru. Premio yako kama ni ya kuvuta mbele, hulazimiki.

Mama wa Kasarani
Mnaongea kama kila mtu ana pesa ya mapya. Wengi wetu tunaenda Kirinyaga Road tunanunua yaliyokwisha tumika, yaliyotoka Japani. Mimi sikatazi mtu, lakini tazama tarehe. Kuna tarakimu nne mwishoni mwa yale maandishi ya ubavuni yanayoanza na herufi DOT: 3814 ni wiki ya 38 ya mwaka 2014. Kuna mmoja aliniapia kwamba tairi lake halina tarehe. Nikamwambia aligeuze, kwa kuwa tarehe huandikwa upande mmoja na mara nyingi ndio anaoufichia ukutani. Meno yalikuwa mazuri mno, tairi lenyewe lina umri wa kwenda shule. Ukilikunja kidogo ubavuni unaona nyufa nyembamba. Nikarudisha pochi.

Na mwangalie nati. Wakimaliza kukaza kwa mashine, mwanamke akipata pancha Mombasa Road hatafungua kwa spana ya gari. Siku hizi naomba wakaze kwa mkono, kwa msalaba, si kuzunguka moja baada ya nyingine. Kisha baada ya kilomita mia hivi nazipitia tena. Wakiniona mshamba shauri yao.

Fundi wa Ngara
Mama umesema. Ongeza valvu: tairi likitoka, valvu ya mpira ibadilishwe, ni kitu kidogo. Na upepo ujazwe kwa kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Namba kubwa ya psi ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi lenyewe, si kipimo cha gari lako.

Mkaazi wa Donholm
Asanteni sana. Spea iko mbele tayari. Ni ile nyembamba, imeandikwa 80 km/h na inataka psi 60. Niliipima ilikuwa na 20, kwa hiyo wenye spea kama hii kapimeni leo. Saizi ya matairi yangu ni 195/65R15, namba ya mzigo 91. Duka la pili walinipa 185/65R15, eti "inaingia tu". Inaingia kweli, lakini kipenyo kinapungua milimita 13, na namba ya mzigo inashuka hadi 88, yaani kilo 560 badala ya 615 kwa kila tairi. Nikaondoka. La mbele kulia limebaki kidogo, kwa hiyo nanunua mawili ya saizi yangu, yanaenda nyuma, na yale ya nyuma yanakuja mbele. Mzee, umeshinda.

Dereva wa Usiku
Hilo lenye uvimbe usimwachie fundi hivihivi. Nimeona la namna hiyo limepakwa rangi nyeusi na kurudi sokoni.

Mama wa Kasarani
Alikate ubavu kwa kisu mbele yako. Au lipeleke Kariokor kwa wale wanaotengeneza akala, viatu vya matairi, watalichukua.