Nawaonyesha mabinti zangu Ann-Katrin Berger: nianzie wapi?

Kocha wa Makipa: Wakuu, nafundisha mabinti wachache udakaji. Tangu Euro ya wanawake ya 2025 wananiletea klipu ile ile ya kipa Berger wa Ujerumani dhidi ya Ufaransa, anarudi kinyumenyume na kuupangua mpira kwa mkono mmoja karibu na mstari. Nataka waone zaidi ya hapo. Mnaomfuatilia, nisaidieni.

Mama Golini: Kocha, anzia miguuni. Ni dakika ya 103, robo fainali kule Basel, na Ujerumani wako pungufu tangu Hendrich alipolimwa nyekundu dakika ya 13. Minge anaokoa kwa kichwa, mpira unapaa kurudi golini kwake mwenyewe. Tazameni macho ya Berger: hayabanduki kwenye mpira wakati miguu inarudi. Kipa anayegeuka akaupa mgongo, umekwisha.

Mechi iliisha 1-1, penalti 6-5. Alipangua wa kwanza wa Majri na wa mwisho wa Sombath, na wa kwake akaukwamisha wavuni. Wasidhani ilikuwa bahati ya usiku ule! Olimpiki ya 2024 alizuia penalti mbili za Kanada na kufunga ya ushindi, kisha kwenye mechi ya shaba akamnyima Putellas wa Uhispania penalti dakika za majeruhi.

Mimi nilimpenda kabla ya klipu. Mwaka 2017 akiwa Birmingham City alikutwa na saratani ya tezi ya shingoni, akarudi uwanjani baada ya siku 76. Ikajirudia 2022 akiwa Chelsea. Timu ya taifa aliichezea mara ya kwanza akiwa na miaka 30. Binti anayeambiwa amechelewa aambiwe hilo.

Namba Sita: Mbona mnaruka bao la Bonmatí wa Uhispania? Nusu fainali ya Euro ile ile, dakika ya 113, Berger kafungwa nguzo ya karibu. Kipa mkubwa hafungwi pale.

Mama Golini: Alifungwa, ndugu yangu, na alijibebesha lawama mwenyewe mbele ya waandishi. Pembe ilikuwa finyu, na kwenye pembe kama ile makipa wengi hujisogeza kusubiri krosi. Kocha, waonyeshe na bao hilo, tena ulisimamishe kabla Bonmatí hajapiga uwaulize wao wangesimama wapi. Watu mitandaoni walimsifu Jumamosi ya Ufaransa na kumsema Jumatano ya Uhispania. Kipa mchanga ajiandae kwa yote mawili.

Kocha wa Makipa: Asante sana dada. Na zoezi la kurudi nyuma?

Mama Golini: Wasimame mstari wa boksi dogo, wewe rusha mpira kwa mkono upite juu ya vichwa vyao. Warudi kwa hatua fupi, wausukume nje juu ya mwamba. Kujirusha kuje baadaye, tena kwenye mchanga au godoro, maana kuangukia mgongo kabla hujafundishwa kunaweza kukuumiza.