Je, kubashiri matokeo ya michezo kuhalalishwe?

Mdadisi
Ndugu zangu, kila ninapolifikiria jambo hili najikuta upande tofauti na niliokuwa jana. Sheria ikikataza kubashiri, watu hubashiri kwa siri. Ikiruhusu, huingia hata wale ambao kamari haikuwahi kuwapitia akilini, kwa sababu sasa ni halali na imo kwenye simu zao. Mnamo Mei 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sheria ya mwaka 1992 iliyoyazuia majimbo mengi kuruhusu biashara hii, na katika miaka michache zaidi ya majimbo 30 yakaifungulia mlango. Je, jamii ambayo bado haijaamua ifuate njia hiyo?

Wakili Mstaafu
Naunga mkono, ingawa mimi mwenyewe sijawahi kuweka dau. Marufuku haimwondoi mchezaji kamari, humwondoa msimamizi. Nchini Italia, mwaka 1980, kamari ya siri iliwanasa wachezaji waliopanga matokeo, na Milan na Lazio zikashushwa daraja. Palipo na leseni kila dau huacha kumbukumbu, umri huhakikiwa, na aliyeshinda ana mahali pa kudai fedha zake. Hata aliyezidiwa anaweza kujifungia: Sweden, tangu mwaka 2019, mtu akijiandikisha mara moja tu, kampuni zote zenye leseni hulazimika kumkataa.

Hesabu Kavu
Mzee Wakili, kwa heshima zote, leseni haizuii rushwa. Mwamuzi wa Ujerumani, Robert Hoyzer, alikiri mwaka 2005 kwamba alipanga matokeo, na waliomlipa walikuwa wakiweka madau katika kampuni halali.

Hata hivyo, kinachonisumbua zaidi ni bidhaa yenyewe. Chukua pambano la timu mbili zenye nafasi sawa, lisilo na sare. Bei ya haki, yaani kiasi unachorudishiwa kwa kila 1 uliyoweka ukishinda, ni 2.00 kwa kila upande, lakini kampuni ikitoa 1.90, kila 100 unayoweka hurudi 95 kwa wastani. Unganisha mapambano 5 ya namna hiyo katika mkeka mmoja, yaani dau moja linaloshinda endapo tu umepatia yote, na wastani huo hushuka hadi takriban 77, kwa kuwa makato huzidishana kila unapoongeza pambano. Kuna jingine ambalo matangazo hayalisemi: nafasi ya kushinda mkeka huo ni 1 kati ya 32, ilhali nafasi ya kuukosa kwa pambano moja tu ni 5 kati ya 32. Yaani mkeka wako una uwezekano mara tano zaidi wa kuchanika kwa pambano moja kuliko wa kushinda, nawe utalala ukiamini kwamba ulikaribia, na kesho utarudi.

Mizani
Hesabu hiyo haitabadilika kwa sheria yoyote, lakini sheria inaweza kuamua mtu atakutana nayo mara ngapi kwa siku. Uingereza iliruhusu maduka ya kubashiri mwaka 1961, na kwa miongo kadhaa msimamo wake ulikuwa kuhudumia wanaotaka kubashiri bila kuwashawishi wasiotaka. Ni sheria ya mwaka 2005 iliyofungua njia ya matangazo ya televisheni. Australia nayo ilikataza, kwa sheria ya mwaka 2001, kubashiri kupitia intaneti wakati mchezo ukiendelea. Kwa hiyo mimi ningeruhusu dau, nikapiga marufuku tangazo, bonasi ya kuvutia wateja na kukopa ili kubashiri.

Mdadisi
Bi Mizani, kampuni yenye leseni isipojitangaza, mteja ataitofautishaje na ile ya kitapeli iliyo ng'ambo?

Mizani
Kwa orodha ya wazi ya mamlaka husika, na kwa kuziagiza benki na huduma za fedha kwa simu zisipitishe malipo ya asiye na leseni. Wachache watapenya, sikatai.

Wakili Mstaafu
Hapo kwenye malipo nakubaliana nawe kabisa. Kuhusu bonasi, nilikuwa nikiiona kama punguzo la kawaida la dukani, lakini baada ya kuisoma hesabu ya mkeka sipingi tena ipigwe marufuku.