Ushauri: Nina siku nne Njia ya Lycia (Uturuki), nianzie wapi?

Msoma_Mawe: Wakuu, salaam. Nasoma jiolojia hapa Ankara, na Aprili nina mapumziko mafupi. Nataka kutembea kipande cha Njia ya Lycia, pwani ya Mediterania. Njia nzima inazidi kilomita 500, kwa hiyo lazima nichague. Kila ninayemuuliza ananielekeza Ölüdeniz kwa sababu ya mandhari. Mimi natafuta miamba na magofu. Aliyepita huko anisaidie.

Mpanda_Vilima: Mkuu, Ölüdeniz waachie wenye wiki mbili. Nenda mashariki: Karaöz, Adrasan, Olympos, Çıralı, umalizie Phaselis. Siku ya kwanza utapita mnara wa taa wa Gelidonya. Kwenye rasi ile ilizama meli karibu mwaka 1200 K.K. ikiwa na shehena ya shaba. George Bass na wenzake waliichimbua mwaka 1960, wanaakiolojia wakizamia wenyewe. Phaselis ina bandari tatu za kale, na Aleksanda Mkuu alipiga kambi pale majira ya baridi ya 334/333 K.K.

Binti_Pwani: Naunga mkono, ila Çıralı lala hapo hapo, usipite tu. Juu yake kuna Yanartaş, ndimi za moto zinazotoka mwambani usiku na mchana tangu enzi za kale. Wagiriki walisimulia habari za Chimera, dubwana linalotema moto. Wewe wa jiolojia utafurahi zaidi: mwamba ule ni kipande cha sakafu ya bahari ya kale kilichosukumwa hadi nchi kavu. Maji yakipenya humo hubadili madini yake na kutoa hidrojeni, nayo ikikutana na kaboni huzaa methani. Kwa hiyo sehemu ya gesi ile haitokani na mabaki ya viumbe hata kidogo, imezaliwa na jiwe. Panda giza likishaingia, na tochi usisahau. Mimi nilikaa pale hadi wenzangu wakaanza kuniita.

Msoma_Mawe: Dada, umenimaliza! Sasa nimeelewa kwa nini ramani inaonyesha machimbo ya zamani ya kromu kaskazini ya Çıralı. Kromu hupatikana kwenye familia ile ile ya miamba. Je, maji na malazi?

Mpanda_Vilima: Ndiyo, machimbo hayo utayapita ukielekea Tekirova, ghuba ya Maden. Malazi si tatizo, Adrasan na Çıralı zina nyumba za wageni, hema liache. Tatizo ni maji. Kutoka Karaöz hadi Adrasan usitegemee kupata njiani, beba lita tatu au zaidi. Fuata alama nyeupe na nyekundu. Ukitembea muda bila kuiona, rudi hadi ya mwisho uliyoiona.

Binti_Pwani: Na viatu viwe vya kushika vizuri. Mawe ya kijani ya miamba ile ya Yanartaş yana utelezi mvua ikinyesha, na Aprili hunyesha.