Re: Mgeni kateleza kwenye ngazi zangu, leo nimeletewa samansi

Dada pole sana, na usione haya kuuliza. Cha kwanza hiyo karatasi ya kuitwa kortini usiitupe kwenye droo ukasema huyu ananitisha tu. Hapa Marekani kesi hata iwe ya kipuuzi vipi, usipojibu ndani ya muda umeshindwa, jaji anatoa hukumu bila kukusikia halafu baadaye unashangaa mshahara unakatwa. Korti za federali (za serikali kuu) zinatoa siku 21 tangu ukabidhiwe, korti za jimbo la California ni 30, majimbo mengine yana zao, kwa hiyo soma hiyo samansi mstari kwa mstari, muda umeandikwa humo.

Cha pili piga simu bima leo hii, usingoje Jumatatu. Bima ya mpangaji kwa kawaida ina kipengele cha mgeni kuumia kwako, na wao ndo wanatafuta loya na kumlipa. Ukichelewa kuwaambia unawapa sababu ya kukukatalia. Na tafadhali usimwandikie huyo mgeni WhatsApp ya kumbembeleza, kila utakachoandika kinaweza kusomwa kortini.

Kaka uliyesema hawa watu wana wazimu wa kesi ukatoa mfano wa yule bibi aliyeishtaki kampuni ya migahawa ya McDonald's kwa kahawa iliyommwagikia, hiyo naomba tuiache, sio haki kwake. Alikuwa na miaka 79, ile kahawa ilimbabua mapaja mpaka akabandikwa ngozi, alilazwa siku nane, aliomba kama dola 20,000 wao wakamwambia chukua 800. Kampuni ilishapokea malalamiko kama 700 ya watu walioungua. Zile milioni za hukumu zilizotangazwa jaji alizipunguza sana, ila hilo halikutangazwa kama zile milioni.

Upuuzi wenyewe ni ile ya Washington, jaji aliyewashtaki wenye duka la dobi kwa suruali moja tu aliyosema wameipoteza, akadai dola milioni 67 kisha akashuka hadi 54. Mwaka 2007 alishindwa, lakini wale wenye duka, wahamiaji kutoka Korea, walishachoka nalo wakalifunga. Hapo ndo pananiuma mimi, maana hapa kwa kawaida kila upande unamlipa loya wake hata ukishinda, sio kama Uingereza ambako aliyeshindwa ndo hubeba sehemu kubwa ya gharama. Na mdai hatoi kitu mwanzoni, loya wake anakula kama theluthi ya kitakachopatikana, sasa kwa nini asijaribu? Ndo maana bima nyingi zinaona bora kumalizana nje ya korti, usije ukadhani wamekusaliti.

Na huyo mgeni usimchukie mapema dada. Pengine bima yake ya afya ndo imemuuliza umeumia wapi, inataka irudishiwe hela ya hospitali.

---

Asante sana kaka, nimewapigia wamenipa namba ya klemu (ya madai yangu). Wanauliza ngazi ni zangu au za jengo zima?

---

Swali zuri hilo, maana zikiwa za jengo zima mwenye nyumba naye anaweza kubeba lawama. Tafuta mkataba wako wa kupanga na meseji zozote ulizomtumia kuhusu hizo ngazi, na upige picha hizo ngazi leo hii, hasa kama kuna mbao iliyolegea, kabla hajaleta fundi.